Ukumbusho wa farasi uandaliwe angali hai: kwato, ngozi au singa za mkia?

Saisi wa Mikindani ameandika:

Ndugu wanajukwaa, assalamu alaykum na habari za leo.

Mpwa wangu, mzaliwa wa Masasi ambaye sasa ni saisi katika banda moja la farasi jijini Dar es Salaam, ameniomba ushauri ambao nimeona niuandike hapa kwa kirefu, kwa kuwa wapo vijana wengine wa Mtwara na Lindi waliokwenda kufanya kazi hiyo Dar, Arusha na hata Uarabuni, na swali lake litawafikia wao pia. Anamtunza farasi jike aitwaye Lulu, ambaye ni mzee kiasi kwamba meno yamekwisha na chakula chake hulowekwa kwanza ndipo aweze kukimeza. Mwenye farasi amesema kwamba Lulu akifa angependa abaki na kitu cha kumkumbuka, na uamuzi wa kitu hicho amemwachia mpwa wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshinda naye. Je, uwe ukwato uliosafishwa na kuwekwa mezani, kipande cha ngozi, au kitu kingine?

Nimemjibu kwamba ziwe singa za mkia, na kwamba zianze kukusanywa sasa, Lulu akiwa bado anasimama kwa miguu yake minne.

Sisi wa kusini hatuna mila yetu ya kumuaga farasi, kwa sababu farasi hakupata kukaa kwetu. Mapori yalikuwa ya mbung'o, na ugonjwa wa nagana wanaoueneza haumwachi farasi. Wala visubi wanaoeneza tauni ya farasi hawakuwahi kutupungukia. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Waingereza yaliingia katika koloni hili la Wajerumani na farasi na baghala, wanyama hao wakafa kwa maelfu, na yalipofika mapigano ya Mahiwa, hapa hapa mkoani Lindi, Oktoba 1917, mizigo ilikuwa ikienda vichwani mwa wapagazi. Kwa hiyo kijana wetu anayempenda farasi hujifunza kumpenda ugenini, na anapofiwa naye huiga anachokiona ugenini. Ndiyo maana nasema tuchague kwa macho makavu tunachokiiga.

Nianze na ukwato, kwa kuwa ndio unaoombwa sana. Waingereza wa karne ya 19 walikuwa hodari wa kazi hiyo. Walichukua ukwato, wakaufunika kwa fedha au shaba, wakaufanya kidau cha wino au kisanduku cha ugoro. Farasi Marengo, anayetajwa kuwa ndiye aliyepandwa na Napoleon, alitekwa baada ya vita vya Waterloo vya 1815 na kupelekwa Uingereza. Mifupa yake ipo katika jumba la makumbusho ya jeshi jijini London, lakini ukwato wake mmoja uligeuzwa kuwa tabakero ya ugoro ya maofisa wa kikosi cha walinzi. Upande wa pili wa vita vile vile kulikuwa na Copenhagen, farasi wa Wellington, jemadari wa Waingereza. Alikufa mwaka 1836 na kuzikwa kwa heshima za kijeshi katika shamba la bwana wake, Stratfield Saye. Wellington alipogundua kwamba mtu alikuwa ameukata ukwato mmoja wa farasi huyo aliwaka kwa hasira. Mimi nasimama na Wellington katika jambo hili. Mnyama aliyembeba mtu mchana kutwa katika vita hastahili kuingia kaburini akiwa na miguu mitatu.

Tena kazi yenyewe si nyepesi kama inavyodhaniwa. Nilipokuwa Arusha nilimshuhudia fundi akiuandaa ukwato kwa ajili ya mwenye farasi. Ganda la ukwato lilipaswa kulowekwa katika maji ya moto hadi liachane na mfupa ulio ndani, na harufu yake iliganda katika ndoo, katika mikono yake na katika kibanda chote. Baadaye lilipokauka lilianza kupasuka kutoka ukingo wa chini kwenda juu, na mwenye farasi, ambaye alikuja kulichukua akiwa na kitambaa cheupe cha kulifungia, alilitazama kwa muda mrefu kisha akauliza kama linaweza kuzikwa pamoja na farasi mwenyewe. Lilizikwa. Kiatu cha chuma alichokuwa amevaa farasi yule ndicho alichoondoka nacho nyumbani, na naamini alipata kilicho bora, kwa sababu kiatu kimelika kwa mwendo wa farasi mwenyewe, upande mmoja zaidi ya mwingine, na aliyempanda anaweza kuusoma mwendo huo kwa kidole.

Kuhusu ngozi na mwili mzima sitasema mengi. Phar Lap, farasi wa mbio aliyezaliwa New Zealand na kupata umaarufu Australia, alikufa Marekani mwaka 1932. Ngozi yake iliyojazwa ipo Melbourne, mifupa yake ipo katika mji wa Wellington, New Zealand, na moyo wake umehifadhiwa Canberra. Watu humiminika kumtazama, nami siwalaumu, kwa kuwa taifa zima lilimlilia. Lakini huyo alikuwa farasi wa umma. Lulu ni wa watu wawili, na watu wawili hawahitaji jumba la makumbusho.

Sasa nije kwenye singa. Wamongolia, ambao sidhani kama kuna watu waliowazidi kwa kuishi na farasi, wana zeze la nyuzi mbili liitwalo morin khuur, lenye kichwa cha farasi kilichochongwa juu ya shingo yake. Nyuzi zake kwa asili ni mafungu ya singa za mkia wa farasi, na upinde wake ni singa vile vile. Hadithi yao inasema kwamba zeze la kwanza lilitengenezwa na mtu aliyefiwa na farasi wake mpenzi, akatumia viungo vyake ili aendelee kumsikia. Zeze hilo limo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Na wala tusiende mbali: upinde wa fidla tunayoisikia katika taarabu hufungwa singa za mkia wa farasi, na kila wimbo wa fidla tuliowahi kuupenda umepita juu ya singa hizo. Huko Marekani wapo wafinyanzi ambao hukitoa chungu katika tanuri kingali cha moto sana, wakalaza singa moja moja juu yake. Singa huungua papo hapo na kuacha mstari mweusi usiofutika, kila mmoja ukijipinda kwa namna yake. Wengi huagiza chungu cha aina hiyo kwa singa za farasi wao aliyekufa.

Singa zina sifa ambayo ukwato hauna: hazipasuki, hazinuki zikisafishwa, na huweza kugawanywa bila kumpunguza mtu. Mwenye farasi akapata bangili ya kusuka, saisi naye akapata yake. Ushauri wangu kwa mpwa wangu ni kwamba kila anapomchana Lulu mkia, zile singa zinazobaki kwenye kitana azinyooshe, azifunge kwa uzi upande wa shina, na kuziweka katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu joto letu la pwani huleta ukungu ndani ya plastiki. Akitaka kuongeza, akate fungu lisilozidi unene wa penseli, kutoka upande wa ndani wa mkia, karibu na mfupa, mahali ambapo singa za juu zitafunika pengo. Afunge kwanza ndipo akate, kwani zikishachanganyika ncha na shina hazisukiki vizuri tena. Azioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, azisuuze hadi maji yatoke safi, azianike kivulini. Asizichemshe.

Lipo pia jambo moja la kwetu ambalo ningependa mafundi walitolee maoni. Mgwisho, yaani usinga wa kufukuzia nzi, ni chombo cha wazee wetu tangu zamani, na mpingo ni mti wetu. Je, mgwisho wa singa za farasi wenye mpini wa mpingo, ulioandikwa jina lake, hauwezi kuwa ukumbusho wa heshima kuliko kidau cha wino?

Fundi Mpingo, Mtwara:

Shikamoo Mzee Saisi. Umeuliza mafundi, nami nachonga mpingo, kwa hiyo nitajibu upande wangu tu.

Inawezekana, tena vizuri. Mpini nashauri uwe wa moyo mweusi wa mti peke yake, bila lile ganda la rangi ya njano iliyofifia, kwa kuwa ganda hilo ndilo linaloliwa na wadudu. Mti uwe umekauka kweli kweli. Mpingo mbichi ukitobolewa tundu kichwani hupasuka baadaye hata kama leo unang'aa. Singa hufungwa kwa uzi wa nailoni au wa katani kwenye shina, zikabanwa katika mafungu madogo madogo, kisha mafungu yote yakaunganishwa na kuzamishwa katika tundu pamoja na gundi. Mafundi wa zamani walitumia nta, na mimi bado napenda nta kwa kazi ya namna hii, kwa sababu siku ukitaka kubadilisha mpini unaipasha moto kidogo na singa zinatoka salama. Gundi ya kisasa haikupi nafasi hiyo.

Tatizo ni wingi. Fungu la unene wa penseli linatosha bangili, lakini mgwisho unahitaji singa nyingi zaidi ya hizo, na farasi aliye hai huwezi kumkata kiasi hicho bila kumwacha na mkia wa aibu. Hapo lile wazo lako la kitana ndilo litakalookoa, ilimradi kijana awe na subira. Singa zikikaa muda mrefu bila kutumika, aziwekee karafuu kavu au majani makavu ya mwarobaini ndani ya mfuko, kwani nondo hula nywele kama wanavyokula sufu.

Ningeomba pia jina lisichongwe kwa kina kwenye mpini mwembamba. Liandikwe kwenye pete ya shaba inayofunika mahali singa zinapoingia. Pete hiyo huzuia mpini kupasuka, na jina hukaa palepale mkono unaposhika.

Mwalimu wa Newala:

Nawasalimu wote. Naunga mkono singa za mkia, lakini mgwisho unanitia hofu, na sitaificha. Kijana akirudi kijijini na mgwisho wa mkia wa mnyama aliyekufa, wenye mpini mweusi na jina lisilojulikana, majirani hawatauliza habari za farasi. Wataanza kunong'ona kwamba amerudi na uganga, na ikitokea msiba mtaani mgwisho huo ndio utakaotajwa. Tunaifahamu jamii yetu. Ningependelea bangili, au fungu lililosukwa likawekwa ndani ya fremu yenye kioo pamoja na picha ya farasi mwenyewe, ukutani, sebuleni, mahali ambapo kila mgeni anaona na kuuliza.

Saisi wa Mikindani:

Mwalimu, hofu yako ina msingi, na fremu yenye picha naiona ni njia nzuri kwa anayeishi kijijini. Kitu kilichofichwa kabatini ndicho huzaa maneno. Mgwisho nao ukitundikwa chini ya picha, mchana kweupe, nadhani utajieleza wenyewe. Lakini mwenye kuishi na majirani hao ndiye anayewajua, na sitamlazimisha mtu.

Daktari wa Mifugo, Masasi:

Naomba nichangie katika jambo ambalo halijaguswa, nalo ni la uhai wa watu. Mtu asichukue chochote kutoka kwa farasi, punda au mnyama yeyote aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana. Asimkate ukwato, asimchune, asimkate hata mkia. Sababu ni kimeta. Mzoga wa kimeta mara nyingi hutokwa damu nyeusi isiyoganda puani na katika matundu mengine, ingawa si lazima dalili hiyo ionekane. Ukiufungua, vijidudu hukutana na hewa na kujifungia katika mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni kwa makumi ya miaka, na mbegu hizo hukaa katika nywele pia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na miaka iliyofuata, askari na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta, na baadhi yao wakafa, kwa sababu ya brashi za kunyolea ndevu zilizotengenezwa kwa nywele za farasi ambazo hazikusafishwa ipasavyo. Kuosha kwa sabuni hakuziui mbegu hizo. Farasi akifa ghafla, aitwe afisa mifugo kwanza, huzuni isubiri.

Jambo la pili linahusu farasi mzee kama Lulu, ambaye huenda siku moja daktari akalazimika kumpumzisha kwa sindano. Dawa inayotumika kwa kawaida, pentobabitali, hubaki mwilini baada ya kifo. Mbwa, fisi au tai akiula mzoga huo naye huweza kufa. Kwa hiyo mwili haupaswi kuachwa wazi wala nyama kutolewa kwa mtu yeyote. Uzikwe kwa kina, mbali na visima, na huku pwani, ambako maji hayako mbali chini ya mchanga, mahali pa kuzika pachaguliwe kabla ya siku yenyewe. Anayetaka singa azikate kabla ya sindano. Mimi mwenyewe humkumbusha mwenye mnyama, kwa sababu baada ya hapo watu hawawezi kufikiri, na shimo likishafukiwa hakuna wa kulifukua.

Kwa hiyo shauri la Mzee Saisi la kukusanya angali hai naliunga mkono kitabibu moja kwa moja. Singa zinazotoka kwenye kitana cha farasi mzima wa afya hazina hatari hiyo.

Ustadh wa Lindi Mjini:

Wa alaykumu salaam. Nilikuwa nasoma tu, lakini maneno ya Daktari yamenifanya niandike, kwa kuwa fiqhi nayo inaelekea huko huko.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, farasi ni mnyama anayeliwa. Ipo hadithi ya Bi Asma binti Abubakar, iliyopokewa na Bukhari, kwamba walichinja farasi zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamla. Mnyama anayeliwa, nywele zake zinazokatwa au kupukutika angali hai ni tohara. Lakini akifa bila kuchinjwa anakuwa mzoga, na katika kauli inayotegemewa kwetu nywele za mzoga, pembe zake na kwato zake ni najisi. Ngozi hutoharika kwa kudibaghiwa, yaani kutengenezwa isioze. Nywele hazifuati hukumu hiyo. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wanazihesabu nywele za mzoga kuwa tohara, na tofauti hiyo ni ya heshima. Anayetaka kuvaa bangili hiyo katika swala bila shaka moyoni, basi achukue singa za farasi aliye hai.

Hata hivyo, Mzee Saisi, nina neno juu ya kukata. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa hadithi inayokataza kukata nywele za paji za farasi, za shingo na za mkia, na sababu yake imetajwa humo humo: mkia ni mgwisho wake anaojifukuzia nzi, nywele za shingo ni joto lake, na katika paji lake imefungwa kheri. Wanazuoni wamezungumza juu ya nguvu ya mapokezi yake, lakini maana yake ni ya huruma, na ile ya kheri kufungwa katika paji la farasi mpaka Siku ya Kiyama imo katika Bukhari na Muslim. Sioni haki kumnyang'anya Lulu mgwisho wake, katika nchi ya nzi, ili sisi tupate wa kwetu. Singa za kitana zimedondoka zenyewe, hizo hazina neno.

Tena kitu hicho kiwe ukumbusho tu. Kisivaliwe kama hirizi wala kutarajiwa kuleta baraka.

Saisi wa Mikindani:

Shehe, Mwenyezi Mungu akulipe. Hadithi hiyo ya mkia nimeisoma mara kadhaa, na kila aliyewahi kumwona farasi mwenye mkia mfupi akipigapiga mguu chini siku nzima kwa sababu ya nzi atakubali kwamba sababu iliyotajwa ni ya kweli. Nitamwambia mpwa wangu aache mkasi, atumie kitana peke yake. Kwa kuwa Lulu anachanwa kila siku, singa zitapatikana, na kama Lulu atatangulia kabla hazijatosha mgwisho, basi zitakuwa bangili mbili, nasi tutashukuru.

Bint wa Kilwa:

Naomba kuuliza kuhusu punda. Tuna punda jike ambaye amebeba maji ya nyumba yetu tangu tulipohamia huku na mifugo, na wanangu wamekua mgongoni mwake. Mkia wake una nywele chache nchani tu. Mtu mmoja alinishawishi kwamba akifa niuze ngozi yake, nikakataa. Je, nami naweza kupata ukumbusho?

Saisi wa Mikindani:

Dada, ulifanya vema kukataa. Biashara ya ngozi za punda ndiyo iliyowamaliza punda katika sehemu nyingi za Afrika, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuisitisha. Zile nywele za nchani ni fupi na ngumu, haziwezi kusukwa, ila fungu dogo linaweza kukaa ndani ya fremu pamoja na picha, kama alivyoshauri Mwalimu. Mimi ningependa zaidi uhifadhi kamba ya shingoni au soji anayobebea maji, bila kuifua sana, kwa sababu imeshika umbo la mgongo wake. Mpigeni picha sasa, akiwa na watoto, mchana wenye mwanga.

Ustadh wa Lindi Mjini:

Niongeze kidogo kwa Dada: punda wa kufugwa haliwi, kwa hiyo kwa Mashafii hukumu ya nywele zake zilizoachana na mwili si sawa na ile ya farasi, hata akiwa hai. Zikiwa ndani ya fremu ukutani hazikuharibii swala yako. Kuzivaa ndiko ambako ningekuzuia.

Fundi Mpingo, Mtwara:

Mzee Saisi, mwambie kijana azitume singa zikiwa zimefungwa upande wa shina, zenye urefu unaolingana katika kila fungu, na aziambatanishe na kipimo cha mzingo wa kiganja cha mwenye farasi. Kipande cha mpingo mkavu ninacho, nakitenga leo.